Kuripoti Nje ya Nchi: Mwongozo Kamili kwa Mwandishi Anayekwenda Mashariki ya Congo

Simu huwa inaingia usiku. Mhariri anakuuliza kama pasipoti yako haijaisha muda, unamjibu haijaisha, na kabla hujauliza lolote ameshautaja mji: Goma. Asubuhi unatakiwa uwe kwenye ndege ya Kigali.

Nimezipokea simu za aina hiyo tangu Novemba 2012, mara ya kwanza waasi wa M23 walipouteka mji ule. Kwa mwandishi anayefanya kazi kwa Kiswahili, mashariki ya Congo ndiyo shule kubwa ya kuripoti nje ya nchi. Unavuka mpaka, unaingia kwenye sheria na vita vya watu wengine, lakini masikioni bado unasikia Kiswahili. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957, ya Sauti ya Amerika 1962, ya Deutsche Welle 1963, na ya RFI 2010, na watu wa mikoa ya Kivu, yenye miji ya Goma na Bukavu, ni miongoni mwa wanaozisikiliza. Kwa hiyo uliyemhoji asubuhi anaweza kukusikia jioni. Jirani yake naye atakusikia, na mwenye bunduki pia.

Neno moja lishike tangu mwanzo, kwa sababu hatua zote zilizo hapa chini nimezipanga kulifuata. Wewe una tarehe ya kurudi; mwenyeji anayekuongoza hana. Utaondoka, yeye atabaki na majirani, na askari, na maneno uliyoyatangaza.

Kabla ya kukubali safari

Usikubali kazi kwenye simu. Mwambie mhariri utamjibu baada ya saa moja, kisha kaa chini umwandikie maswali kwa barua pepe, ili majibu yake nayo yawe ya maandishi. Nani analipia bima, na je, bima hiyo inafanya kazi kwenye eneo la vita? Bima nyingi za kawaida za safari huondoa vita kwenye orodha yake, na utaligundua hilo siku unayohitaji kusafirishwa hospitali. Nikijeruhiwa, nani atanitoa, kwa njia gani, kunipeleka wapi? Ripoti ikikamilika halafu isirushwe, nitalipwa kiasi gani? Gari, mafuta, malazi na malipo ya mwenyeji vinatoka mfuko gani, na ninapewa kabla au narudishiwa baadaye?

Swali la mwisho ndilo waandishi wengi hulisahau: bima ya mwenyeji wangu iko wapi? Mara nyingi jibu huwa kimya. Usikubali kimya hicho. Kama kituo hakiwezi kumkatia bima, basi kiandike kwamba akiumia kazini kitalipia matibabu yake. Nimewahi kukataa safari kwa sababu ya sentensi hiyo moja, na ilipofika jioni nikaletewa barua iliyorekebishwa.

Kama unajitegemea, lijue shirika la Rory Peck Trust, lililoanzishwa mwaka 1995 kusaidia waandishi wasio na mwajiri, na fuatilia kazi za Kamati ya Kuwalinda Waandishi wa Habari, CPJ. Tena usiweke riziki yako yote kwenye dawati moja. Machi 2025 wafanyakazi wengi wa Sauti ya Amerika walipewa likizo ya lazima ghafla, ndani ya siku moja, na waandishi wa Kivu waliokuwa wakiitegemea idhaa hiyo wakaachwa mikono mitupu. Uwe na angalau wahariri watatu wanaoijua sauti yako.

Makaratasi na pesa

Viza unaijua. Ithibati ya uandishi kwa mgeni hutolewa Kinshasa na wizara inayohusika na mawasiliano, na huchukua muda, kwa hiyo ianze siku ileile unayoanza viza. Karatasi ambayo itakuokoa zaidi, hata hivyo, ni barua ya kawaida kabisa kutoka kwa mwajiri wako: jina lako, namba ya pasipoti, unakwenda wapi, kufanya nini, kuanzia lini hadi lini. Congo huiita ordre de mission, na afisa wa uhamiaji, DGM, ataiulizia, kisha wa usalama, ANR, kisha mkuu wa kijiji. Iandikwe kwa Kifaransa, na iwe na muhuri wa wino. Safari yangu ya pili barua ilikuwa na saini nzuri lakini haina muhuri, tukakaa kwenye benchi la kizuizi saa tatu nzima, mvua ikinyesha, mpaka mwenyeji wangu alipompata mtu anayemfahamu mtu. Beba nakala kumi. Kila anayeichukua hairudishi.

Baada ya M23 kuiteka Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, maeneo hayo yakawa na wakubwa wengine, wenye vibali vyao wenyewe. Kinachotakiwa hubadilika wiki hadi wiki, kwa hiyo muulize mwenyeji siku chache kabla ya kuondoka. Karatasi ya upande mmoja isionekane kwenye kizuizi cha upande wa pili.

Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa katika mapigano yale, na njia iliyozoeleka ikabaki Kigali, kisha barabara ya milimani mpaka Gisenyi, upande wa Rwanda, kisha unavuka mpaka. Saa za kufungua na kufunga mpaka hubadilika. Ulizia asubuhi ya siku hiyohiyo. Kadi ya njano ya chanjo iwe ndani ya pasipoti. Andaa orodha ya vifaa vyako vyote pamoja na namba zake, nakala mbili zilizogongwa muhuri, usije ukadaiwa ushuru wa kamera yako mwenyewe unaporudi. Fulana ya kuzuia risasi na simu ya setilaiti viombee kibali mapema, kwa sababu vifaa hivyo hudhibitiwa katika nchi kadhaa.

Kuhusu pesa: dola, na ziwe safi. Noti yenye tundu la pini hukataliwa sokoni, iliyochanika pembeni hukataliwa, ya zamani sana hukataliwa. Noti ndogo ndogo zitakusaidia kuliko za mia. Faranga utazipata mtaani kwa wabadilishaji wanaokaa na mabunda mezani. Usitegemee benki, mwaka 2025 benki za Goma zilifungwa na watu wenye akiba zao wakakosa hela ya unga. Gawanya pesa sehemu tatu, na mojawapo akae nayo mtu asiyesafiri nawe.

Mwenyeji

Wazungu humwita fiksa, na neno hilo limeshaingia vinywani mwetu. Mimi napenda kusema mwenyeji. Mara nyingi ni mwandishi wa redio ya pale pale, mwenye kipindi chake, mke, watoto na ada za kulipa. Ndiye atakayekupangia gari, atakayejua kamanda gani yuko hai, barabara gani ilipitika jana, na mama gani kambini ana nguvu ya kuongea leo.

Mtafute kupitia waandishi wenzako waliowahi kwenda, usimtafute kwenye mtandao peke yake. Uliza watu wawili wasiofahamiana. Ukishampata, kubalianeni malipo ya siku kabla hujaondoka nyumbani, muandikiane, na umlipe nusu siku ya kwanza. Siku ya kusubiri nayo ni siku ya kazi. Muulize kama anataka jina lake litajwe kwenye ripoti. Wengine wanataka, kwa sababu jina hewani ni kazi ya kesho. Wengine watakuomba kabisa usiwataje. Uamuzi ni wake, na siku ya kurusha muulize tena, maana hali inaweza kuwa imegeuka.

Halafu mpe haki ya kusema turudi, bila kumtaka aeleze kwanza.

Niliijua thamani ya haki hiyo kwenye barabara ya Sake, magharibi ya Goma. Barabara ile ina chukudu, yale mabaiskeli ya mbao yasiyo na pedali, yanayoshuka na mkaa, viazi na kabichi kwenda mjini. Gurudumu la chukudu likipita juu ya mawe ya volkano linatoa mlio mkavu, kama mtu anayegonga ubao kwa nyundo, na mimi siku hiyo nilikuwa nimeshaandaa maikrofoni niurekodi. Tukaenda dakika kumi, hakuna kitu. Mwenyeji wangu, aliyekuwa akipiga soga kiti cha mbele, akanyamaza. Kisha akamwambia dereva ageuze gari. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Hakuna chukudu inashuka." Nilitaka kubisha, barabara ilikuwa shwari, jua limetoka, na mhariri alikuwa anasubiri sauti kutoka Sake. Tuligeuza. Hatujafika mjini tukaanza kusikia mabomu nyuma yetu. Wenye chukudu walikuwa wameshajua tangu alfajiri, na yeye aliisoma habari hiyo kwenye barabara tupu.

Anayebaki ndiye anayelipa. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020, uliochukua maisha ya watu zaidi ya 2,200 Kivu Kaskazini na Ituri, waandishi kutoka nje tuliingia Beni na Butembo, tukanawa mikono kwa klorini, tukapimwa joto, tukarekodi, tukaondoka. Papy Mumbere Mahamba alikuwa mtangazaji wa redio ya jamii kijijini Lwemba, Ituri, akiwaeleza watu wake kwa lugha yao jinsi ugonjwa unavyoambukiza. Novemba 2019 alivamiwa nyumbani kwake usiku, akauawa, mkewe akajeruhiwa, nyumba ikachomwa moto. Kila ninapomkabidhi mwenyeji kazi yenye hatari huwa namkumbuka.

Kiswahili chako na cha kule

Msalimu mtu Goma kwa "jambo" naye atakujibu "jambo sana", na utadhani umefika nyumbani. Punguza uhakika. Watoto ni batoto, vitu ni bintu, nakwenda ni niko naenda, ugali ni bugali na kisamvu ni sombe. Hayo utayazoea kwa siku mbili. Yanayokuangusha ni maneno unayoyajua tayari. Mama mmoja aliniambia, "Bakimbizi banalala mu masomo." Nikaandika kwenye daftari kwamba wakimbizi wanasinzia masomoni, nikajenga aya nzima kuhusu watoto waliochoka darasani. Kule masomo ni shule, jengo lenyewe. Familia zilikuwa zinalala ndani ya madarasa na watoto wa kijiji hawasomi tena. Mwenyeji aliiona hati yangu dakika chache kabla ya kutuma. Tangu hapo kila nukuu naisoma kwa sauti mbele yake.

Lafudhi yako pia ni kitambulisho. Askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi walikuwa kwenye brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyopigana na M23 mwaka 2013, na nchi hizohizo tatu zikarudi chini ya SADC mwishoni mwa 2023. Wakenya waliongoza kikosi cha Afrika Mashariki kuanzia Novemba 2022 mpaka Desemba 2023, na kiliondoka raia wengi wakikilaumu kwamba hakikupigana. Rwanda imetajwa na wataalamu wa Umoja wa Mataifa kwamba inaisaidia M23, nayo inakanusha. Kwa hiyo ukifungua mdomo tu kwenye kizuizi, mtu ameshakuweka upande. Sema mapema jina lako, kituo chako na kwamba wewe ni mwandishi wa habari. Usijaribu kuiga lafudhi ya pale; wataisikia, na mwongo hutiliwa shaka kuliko mgeni.

Siku ya kazi

Goma iko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa moja, na Kinshasa iko nyuma ya Goma kwa saa moja nyingine. Taarifa ya saa moja jioni ya Nairobi ni saa kumi na mbili kwenu, giza likiingia, wakati ambao hupaswi kuwa barabarani. Panga siku kinyumenyume: saa kumi na moja kutuma, saa kumi kuandika, saa tisa uwe umeshafika hotelini. Utagundua muda wa kufanya mahojiano unaisha mchana. Amka mapema.

Ukifika mahali, kabla ya kumhoji yeyote, rekodi dakika moja ya mazingira bila kusema neno. Mtungi unajazwa maji, mtoto anakohoa, mvua inapiga turubai. Msikilizaji wa Tanga hajawahi kuiona kambi, ila akisikia mvua kwenye turubai atajua jinsi lilivyo jembamba. Sauti yako ya kusimulia irekodi chumbani, ndani ya kabati lenye nguo au chini ya blanketi. Kuna joto, lakini mwangwi unakufa.

Tuma kwanza nakala ndogo ya sauti ili dawati liwe na kitu mkononi, ile kubwa iache mpaka usiku wa manane mtandao ukiwa mwepesi. Beba laini mbili za simu za mitandao tofauti. Karibu na mpaka laini ya Rwanda nayo hushika vizuri, lakini ikikutwa kwenye simu yako vizuizini inaweza kukuletea maswali. Umeme ukiwepo, chaji kila kitu, hata kile kilichojaa nusu.

Daraja, uwanja wa ndege, askari na kizuizi visipigwe picha bila ruhusa. Hata ukiwa na ithibati.

Kumhoji mtu aliyeumizwa

Hapa nenda taratibu kuliko unavyotaka. Mama aliyepoteza mtoto juzi hana deni kwako. Kaa chini, usisimame juu yake. Msalimu kwa heshima ya pale, mama au papa, mwambie wewe ni nani, kisha muulize swali ambalo mimi naliona ni muhimu kuliko yote: "Mama, redio hii inafika mpaka hapa. Akikusikia nani utapata shida?" Ukiuliza tu kama anaruhusu kurekodiwa, atasema ndiyo kwa adabu. Ukimuuliza nani asimsikie, atafikiri, na mara nyingi atakutajia mtu.

Aliyebakwa jina lake usilichukue kabisa, hata kwenye daftari. Usimwombe asimulie tukio upya. Muulize anahitaji nini sasa, amelala wapi, dawa amepata. Pale Bukavu, katika hospitali ya Panzi inayotibu waliobakwa, ya Dkt. Denis Mukwege, aliyepata tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, wamepita waandishi wengi wenye swali lilelile. Mtoto usimhoji bila mzazi au mlezi kuwepo, na usitoe pesa kabla ya mahojiano. Maji ya kunywa mpe, na muda.

Usalama wako

Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977 ya Mikataba ya Geneva, kifungu cha 79, inamhesabu mwandishi aliye kwenye eneo la vita kuwa raia. Lijue hilo, lakini usilitegemee barabarani. Tarehe 12 Julai 1993 mjini Mogadishu, baada ya helikopta za Marekani kushambulia nyumba iliyojaa watu, umati wenye hasira uliwaua waandishi wanne waliokwenda kuripoti: Hos Maina na Anthony Macharia wa Kenya, Dan Eldon, na Hansi Krauss. Usiwafikie watu wenye uchungu wa dakika ileile kwa sababu tu unataka kuwa wa kwanza.

Weka mtu mmoja nje ya Congo, mhariri au mwenzio, utakayempigia kwa saa mlizokubaliana, asubuhi, mchana na ukirudi. Akipitisha saa moja bila kukusikia awe anajua ampigie nani, na orodha hiyo iwe na namba ya mwenyeji na ya familia yake. Muachie maswali mawili ambayo ni wewe tu unayajua majibu yake, ikitokea mtu anadai anakushikilia.

Begi dogo la kukimbilia likae karibu na kitanda: maji, tochi, pasipoti, dola, dawa ya malaria, mkanda wa kubana mshipa unaovuja damu, chaja, viatu vya kufunga kamba. Jifunze kuutumia mkanda huo kabla ya safari, kwa mkono mmoja, gizani. Mafunzo ya mazingira hatarishi yapo. Kama kituo kinakulipia, nenda, na kama kuna nafasi ya pili, mpe mwenyeji. Goma ina hatari isiyo ya bunduki pia: mlima wa volkano wa Nyiragongo ulilipuka Januari 2002 na lava ikapita katikati ya mji, ukalipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Muulize mwenye hoteli njia ya kuondokea.

Kwenye simu, futa kila jioni. Sauti na majina visikae pamoja. Mimi huwapa watu namba, na orodha ya nani ni namba ngapi huibeba kichwani mpaka nivuke mpaka.

Ukirudi

Wiki ya kwanza nyumbani ndiyo ngumu. Mlango ukibamizwa unashtuka, watoto wakigombania rimoti unakasirika kupita kiasi, usingizi unakatika saa tisa usiku. Waambie watu wa nyumbani mapema kwamba itakuwa hivyo, ili wasidhani wamekukosea. Ikizidi mwezi, tafuta mshauri wa saikolojia, na gharama zake zidai kama unavyodai mafuta ya gari. Nilichelewa miaka minne kufanya hivyo.

Fanya hesabu na dawati haraka, risiti zote, na malipo yaliyobaki ya mwenyeji yatume siku hiyohiyo, usisubiri kituo kikulipe wewe kwanza.

Kisha mpigie. Mimi hupiga siku ya tatu baada ya ripoti kurushwa, saa mbili usiku kwa saa za Goma, akiwa ameshakula. Namuuliza kama kuna mtu aliyepita kuulizia, kama yule mama wa kambini yuko salama, kama kuna sentensi hewani iliyomletea shida. Kuna wakati anacheka na kuniambia nimetamka vibaya jina la kijiji. Kuna wakati ananyamaza kidogo, kisha anasema kuna sauti moja tuitoe mtandaoni. Naandika ni sauti ipi, nakata, na nampigia mhariri usiku huohuo.